Anzeni na Stadi Hasi: Mhadhara Kuhusu Kanuni za Wahusika Katika Mchezo wa Paranoia

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi wa vyuo vyetu vya hapa Dodoma, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mpate kutoka kabla sijamaliza: nawashukuru kwa kunialika tena, ingawa nadhani wengi wenu mnajua nitakalosema, kwa kuwa ni lile lile ninalolisema kila ninapopewa nafasi. Sitaeleza mchezo wa kuigiza wahusika mezani, ambamo kila mchezaji hubeba mhusika mmoja na dadu huamua matokeo, ni kitu gani, maana ukumbi huu umejaa watu wenye dadu mifukoni. Sitaeleza pia kwa nini, katika Paranoia, Kompyuta Rafiki inayoutawala mji uliofungwa wa Alpha Complex imechanganyikiwa, wala kwa nini Watatuzi, yaani wahusika wetu wachezaji, inaowatuma kusaka wasaliti ni wasaliti wao wenyewe. Hayo mnayajua, na mnayacheka tangu mlipoyasikia mara ya kwanza. Msichokijua, au mnachokijua na kukikwepa, ni namna ya kujifunza kanuni za stadi.

Malalamiko yangu ni haya. Katika meza nyingi nilizokaa mjini hapa, mgeni akifika hupewa karatasi ya mhusika, kisha mwendesha mchezo, yule anayesimulia na kusimamia kanuni, huanza kumsomea stadi zote 16 za toleo la mwaka 2017. Anamwambia kuwa zimegawanywa chini ya sifa nne: chini ya Ubabe kuna riadha, bunduki, mapigano ya karibu na kurusha. Chini ya Akili kuna sayansi, saikolojia, urasimu na kuijua Alpha Complex yenyewe. Chini ya Ujuba kuna kuzuga, kuvutia, kutisha na kunyatia. Na chini ya Ufundi kuna kuendesha, uhandisi, kuandika programu na kulipua. Kila stadi inapewa maelezo, kila maelezo yanapewa mfano, na mgeni anatikisa kichwa kwa heshima huku macho yake yakiitafuta saa ukutani. Baada ya hapo mwendesha mchezo, kwa huruma ambayo mimi naiita uharibifu, anamruhusu achague anachokipenda na kufuta namba hasi, ati ni mgeni, asionewe.

Huo siyo mchezo tuliopewa. Utaratibu wa kuunda mhusika katika toleo hilo unasema hivi: unachagua stadi moja na kuiandikia 1 chanya, na papo hapo mchezaji aliyekaa kushoto kwako anaandika 1 hasi kwenye stadi hiyo hiyo, apende asipende. Naye anachagua ya kwake, na wa kushoto kwake anapokea hasi. Mzunguko ukiisha mnaanza wa pili kwa 2 chanya na 2 hasi, kisha 3, kisha 4, kisha 5. Mwisho wa zoezi kila mmoja amejichagulia stadi tano za kujivunia na amepokea tano za aibu, na zile za aibu hakuna hata moja aliyoichagua mwenyewe.

Tazameni kinachotokea mezani wakati huo. Mzunguko wa kwanza watu wana adabu; kila mtu anachagua kinachomfaa na kumwomba jirani radhi. Hapa Dodoma, penye wizara zote hizi, sijawahi kuona stadi ya urasimu ikivuka mzunguko wa pili bila kunyakuliwa. Mzunguko wa tatu mtu ameshaona alivyopigwa kutoka kulia na anataka kulipiza, lakini hawezi, kwa sababu aliyempiga yuko kulia na yeye anaruhusiwa kupiga kushoto tu. Hasira zote zinamshukia asiyehusika. Kufikia mzunguko wa tano hakuna tena anayejiuliza yeye anahitaji nini. Kila mmoja anamtazama wa kushoto na kujiuliza ni stadi gani ikimkosa huyu ataumia zaidi. Mchezo wenyewe haujaanza, Kompyuta haijasema neno, na tayari meza nzima imejaa watu wenye madai wao kwa wao. Hilo ndilo somo lote la Paranoia, na mgeni amelipata kabla ya kuambiwa stadi ya saikolojia inatumika wapi.

Niruhusuni nikae hapa kidogo, kwa kuwa ndipo panaponiuma. Tuseme dada mmoja mhasibu, katika mzunguko wa nne, amechagua kuendesha. Yeye anaandika 4 chanya. Kijana aliye kushoto kwake, ambaye riziki yake ni bodaboda, anaandika 4 hasi. Kijana anapinga: yeye anatoka Chang'ombe hadi Ihumwa na abiria kila siku, atawezaje kuwa na mhusika asiyejua kushika usukani? Anajibiwa kwamba mhusika siyo yeye. Mchezo unaanza, na Kompyuta Rafiki, ambayo haijawahi kusoma karatasi ya mtu, inamteua huyo huyo kuwa dereva wa kikosi. Kijana anajumlisha sifa yake ya Ufundi, ambayo ni 1, na stadi yake ya 4 hasi, anapata nodi, yaani idadi ya dadu za kurusha, ya 3 hasi. Anarusha dadu tatu. Dadu inayoonyesha 5 au 6 ni fanikio. Na kwa kuwa nodi yake ni hasi, kila dadu isiyofanikiwa inapunguza fanikio moja. Zinatoka 5, 2 na 1. Moja juu, mbili chini, jibu ni 1 hasi. Kazi ilihitaji fanikio moja tu. Gari linarudi nyuma badala ya kwenda mbele, na nyuma ndiko walikokuwa wamesimama viongozi wa rangi ya bluu, maana Alpha Complex hupanga vyeo kwa rangi.

Sasa swali ninalowauliza kila mwaka: ni nani katika gari lile aliyejua kwamba yangetokea hayo? Mhasibu. Alijua kwa sababu yeye ndiye aliyemwandikia. Kila stadi chanya uliyonayo inakwambia bila shaka yoyote nani ni mbovu katika kazi hiyo, na kila stadi hasi uliyonayo inakwambia ni nani wa kumpigia magoti. Kijana anajua kuwa mhasibu ana 4 chanya; akiwa na Ufundi wa 2 atarusha dadu sita, na uwezekano wa kupata angalau fanikio moja ni kama 91 katika 100. Lakini kumwomba ashike usukani ni kuiambia Kompyuta kwamba imekosea kumteua dereva, na kuikosoa Kompyuta ni usaliti. Basi anaendesha yeye. Mgeni aliyefutiwa namba hasi anaona hapo ajali ya gari tu, kwa kuwa karatasi yake haimwambii nani anamdai na yeye anamdai nani.

Najua kuna wazazi na walimu humu wanaosema kwamba mchezo wa kufundisha watu kuoneana haufai kwa malezi yetu. Nimelisikia hilo mara nyingi na uvumilivu wangu umepungua. Ninyi ni watu wa nchi yenye utani. Mtani wako anakuja msibani kwako, anamsema marehemu kuwa alikuwa mlafi, anakaa kwenye kiti cha mfiwa na kukataa kuondoka mpaka apewe chochote, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, wewe ndiye uliyeharibu. Mbona hapo hamlalamikii malezi? Wa kulia kwako anayekuandikia 5 hasi anafanya kazi hiyo hiyo, na heshima yako mezani inapimwa kwa namna unavyoipokea. Asiyeweza kuipokea namba hasi kwa kicheko hatauweza mchezo huu hata akikariri kitabu kizima.

Wengine wanapinga kwa hesabu, na hao nawapenda zaidi. Wanasema: mchezaji mwenye nodi hasi ameondolewa kwenye mchezo, hana atakachofanikiwa. Si kweli. Wekeni kando kwa sasa dadu ya Kompyuta, nitakayoifikia baadaye. Mwenye nodi ya 1 hasi anarusha dadu moja, na uwezekano wake wa kupata fanikio ni theluthi moja, sawasawa kabisa na wa mwenye nodi ya 1 chanya. Tofauti yao ni kwamba wa chanya akikosa anabaki kwenye sifuri, na wa hasi anaanguka chini ya sifuri. Mwenye 2 hasi lazima dadu zote mbili zifanikiwe, nayo ni mara 1 katika 9. Lakini mwenye 3 hasi anahitaji dadu mbili katika tatu, na hilo ni 7 katika 27, yaani zaidi kidogo ya robo. Mnaona? Wa 3 hasi ana nafasi kubwa kuliko wa 2 hasi. Wa 4 hasi anarudi kwenye 1 katika 9, na wa 5 hasi anapanda tena hadi 21 katika 100. Witiri ni heri kuliko shufwa. Tofauti ni kina cha shimo: wa 5 hasi akianguka anaweza kufika 5 chini ya sifuri, na hapo mwendesha mchezo mwenye akili anaweka kalamu chini na kusimulia kwa raha. Yule kijana wetu wa bodaboda, kwa hiyo, alikuwa na zaidi ya nafasi moja katika nne ya kuliendesha gari lile vizuri, na laiti angefanikiwa, mhasibu angeanza kushuku kwamba ana nguvu za siri za kimutanti, na hizo nazo ni usaliti. Kufaulu kwa asiyestahili ni hatari kuliko kushindwa, na huwezi kuwa na asiyestahili bila namba hasi.

Nilitaka kuzungumzia matoleo ya zamani kwa urefu, lakini mwenyekiti ameshaitazama saa mara mbili. Basi kwa kifupi: mchezo ulitoka mwaka 1984 kupitia kampuni ya Marekani ya West End Games, na wabunifu wake walikuwa Greg Costikyan, Dan Gelber na Eric Goldberg. Toleo la kwanza lilipanga stadi kwa matawi, kutoka ujuzi mpana hadi ujuzi mwembamba, na lilikuwa zito kuliko mzaha wake; la pili, la mwaka 1987, lilipunguza uzito huo. Toleo la mwaka 2004 la kampuni ya Mongoose lilibakiza stadi kuu sita, na ukarusha dadu ya pande 20 ukitaka ipatikane namba isiyozidi stadi yako. Wazee wa toleo hilo wamekaa pale dirishani na wananiangalia vibaya. Ni mfumo mwepesi na mzuri, ila udhaifu wako ndani yake ni jambo kati yako na dadu yako. Jirani hana mkono ndani yake. Ndiyo hoja yangu pia kwa wanaopendekeza wageni waanze na Lasers & Feelings, mchezo mdogo wa John Harper wa mwaka 2013, yenye ukurasa mmoja na namba moja kati ya 2 na 5, ambayo unaivuka kwa mambo ya moyo na unakuwa chini yake kwa mambo ya sayansi. Naicheza na naipenda. Haimfundishi mtu kumtazama aliye kulia kwake.

Kuna hoja moja nyepesi inayorudi kila mara: kwamba katika Paranoia mchezaji kuonyesha kuwa anazijua kanuni ni usaliti, kwa hiyo kujifunza ni kosa. Jamani. Kilichokatazwa ni kuonyesha. Kijitabu cha wachezaji katika sanduku la mwaka 2017 kimeandikwa kwa ajili ya walio rangi nyekundu, na ninyi nyote ni wekundu. Kisomeni, kisha mezani mjifanye hamkukisoma.

Dadu ya Kompyuta nilipanga kuipa robo saa, na sasa nina dakika mbili. Hurushwa pamoja na dadu zako kila mara, iwe nodi yako ni chanya au hasi, na ikionyesha alama ya Kompyuta unapoteza pointi moja ya Moxie, yaani uthabiti wa akili wa mhusika, na Kompyuta inaingilia kati kukusaidia, yaani mambo yanaharibika. Moxie ikiisha mhusika anapandwa na wazimu. Hesabu zangu za witiri na shufwa huvurugika hapo, na mwenye kutaka kuzipiga upya anifuate nje. Vyama vya siri, nguvu za kimutanti na kifurushi cha kloni sita, yaani nakala za mhusika, sitavigusa leo.

Kwa wanaobaki kucheza: mgeni asisomewe orodha. Akae, apewe karatasi, mzunguko uanze, na kila stadi aulizie maana yake pale anapoichagua au anapoandikiwa. Zile ambazo hakuna aliyezigusa zitajieleza zenyewe zikihitajika. Msikae na rafiki zenu kushoto. Dadu ya Kompyuta ninayo moja tu. Meza nyingine zitumie dadu ya kawaida yenye rangi tofauti, na 6 yake ihesabiwe kuwa ndiyo alama.