Rangi ni ya Mwisho: Mhadhara kwa Mafundi wa Magari ya Kujiundia

Habari za asubuhi, mafundi wa Nyakato na Igoma hapa Mwanza, na ninyi vijana mnaoanza gereji. Sogeeni mbele, hiki kipaza sauti hakifiki nyuma.

Tunazungumzia gari lililofika pale ambapo jirani akipita anasema "limeisha hilo". Chesisi imechomelewa, injini imekaa, bodi ya faiba imepimwa na kuvuliwa. Hapo ndipo kila mtu hukimbilia rangi. Nawaomba muiache kwanza. Gari litembee uchi ndani ya uwanja uliofungwa, lilegee panapolegea, livuje panapovuja, ndipo livae.

Kwa wasioyajua magari haya: lililoyapa jina ni Lotus Seven, la Uingereza, mwaka 1957. Aliyenunua vipande na kuunganisha nyumbani hakulipa kodi ya manunuzi iliyotozwa gari zima. Mwaka 1973 kodi hiyo ikaondolewa ilipoingia VAT, na mwaka huohuo Caterham wakachukua haki za kulitengeneza. Sisi huku tunaanza kwa sababu nyingine: kuna injini nzima ya Toyota ndani ya gari lililogongwa, na kuna mtu hana usingizi.

Tuanze na breki, na hapa nitakaa sana.

Kosa la kwanza halionekani mpaka ulitafute. Kalipa, kile kifaa kinachobana diski, ya kulia imefungwa kushoto, na ya kushoto kulia. Zinaingia vizuri, bolti zinakaza, diski inazunguka. Lakini skrubu ya kutolea upepo imeangalia chini, na hewa hukaa juu. Utapampu mpaka jua lizame na pedali itabaki laini kama andazi. Kabla hujafungua chupa ya mafuta ya breki, zunguka magurudumu yote manne uangalie: skrubu hiyo lazima iwe sehemu ya juu kabisa ya kalipa.

La pili ni paipu. Kuna anayechukua kopa, yaani shaba, ya friji kwa sababu inapinda kirahisi. Kopa tupu ikitikisika inakuwa ngumu, kisha inapasuka, na haikupi taarifa. Tumia paipu ya chuma ya breki au ya kopa iliyochanganywa na nikeli, ile ya milimita 4.75, na ifunge kwa klipu kila sentimita 30. Angalia pia mdomo wa paipu. Spea za Kijapani zinataka mdomo uliokunjwa mara mbili na nati ya milimita 10 yenye uzi wa 1.0, spea nyingi za zamani za Kiingereza ni uzi wa inchi, 3/8. Nati ya aina moja huingia nyuzi mbili tatu kwenye tundu la nyingine, fundi akadhani imekubali, kumbe ameua masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali.

Kutoa upepo. Usukani wetu uko kulia na masta iko kulia, kwa hiyo gurudumu la mbali ni la nyuma kushoto. Anzia hapo, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, umalizie mbele kulia. Hiyo ni kwa mfumo uliogawanywa mbele na nyuma. Ukiwa umegawanywa kwa mshazari, fuata mpangilio wa gari ulikotoa masta. Chomeka mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ncha yake izame kwenye chupa yenye mafuta ya breki kidogo. Mwenzako akanyage pole pole na ashikilie. Wewe fungua robo mzunguko, mapovu yatoke, funga, ndipo umwambie aachie. Akiachia kabla hujafunga, hewa inarudi ndani na kazi inaanza upya. Na usiache kopo la masta likauke.

Je, masta ikiwa chini ya sakafu, chini kuliko kalipa? Mafuta yatarudi yenyewe, na pedali ya kwanza kila asubuhi itaenda mpaka chini. Weka vali ya kubakiza presha: psi 2 kwa diski, psi 10 kwa dramu. Kifimbo cha pedali nacho kiwe na mchezo, yaani nafasi ya kulegea, wa milimita moja hadi mbili. Kisipokuwa nao, tundu la kurudishia mafuta linabaki limezibwa, breki zinapata joto na kujikamata zenyewe njiani.

Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 230, lakini yakishanyonya maji yanashuka hadi nyuzi 155 hivi. Hapa kando ya ziwa hewa ina unyevu, basi chupa iliyokaa wazi tangu mwezi uliopita hata kwa bei ya bure usiichukue. Ukimaliza, kanyaga kwa nguvu zako zote dakika nzima, mwenzako apite na tochi kila kiungo.

Umeme. Bodi ya faiba haipitishi umeme, na hili linawashinda wengi waliozoea bodi za bati. Kila taa inataka waya wake wa ethi, ule wa kurudisha umeme, mpaka kwenye chesisi, na pale unapofunga kwangua rangi mpaka chuma king'ae. Ukiwasha indiketa na taa ya breki ikapepesa, ethi imekosekana.

Injini imekaa juu ya mipira, kwa hiyo nayo inataka waya mnene wake. Kipimo ni hiki: mita kwenye volti za DC, waya mweusi kwenye hasi ya betri, mwekundu kwenye chuma tupu cha bloku, mwenzako apige stata. Isizidi nusu volti. Ikisoma volti moja na zaidi, umeme unalazimisha njia nyingine, mara nyingi kebo ya klachi au ya mafuta. Iguse: ukiikuta ya moto, umeshapata jibu.

Fyuzi usizikisie. Taa mbili za wati 55 ni wati 110; gawa kwa 12, unapata ampea 9 na ushee. Weka fyuzi ya 15.

Kuwasha mara ya kwanza: toa plagi, kata umeme wa koili na wa pampu ya mafuta, piga stata sekunde kumi kumi mpaka taa ya oili izime. Ndipo urudishe plagi. Kama rejeta iko chini puani na injini iko juu, tangi la maji liwe juu kuliko vyote, la sivyo hewa itajificha kwenye silinda hedi. Mwanza iko mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 96, kwa hiyo kifuniko cha rejeta kilicholegea kinatuumiza kuliko mtu wa Dar. Hewa nayo ni pungufu kwa kama asilimia 12. Kabureta iliyopangwa pwani itakunywa petroli na kufanya plagi nyeusi. Jeti kubwa, kile kitundu cha petroli ndani ya kabureta, ikiwa ya 120 jaribu 115, kisha soma plagi.

Bolti za bushi za mpira zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, na mfuko mmoja na nusu wa saruji kwenye kiti badala ya dereva. Ukizikaza likiwa juu ya stendi, mpira unajinyonga gari linaposhuka, na unachanika mapema.

Baada ya kilomita 50 uwanjani, kaza kila bolti upya, nati za magurudumu zikiwa za kwanza. Habari za namba za usajili msingoje mpaka mwisho. TRA na polisi wa usalama barabarani muwaone mapema, na risiti za injini na vipuri zikiwa mkononi.

Sasa vua, safisha, paka rangi. Fanya asubuhi baada ya umande kukauka. Jioni, hasa siku za mwezi mwandamo, wale wadudu wa ziwani huja kama moshi, na asubuhi utawatoa mmoja mmoja kwa msasa namba 1500.