Fomu 1099-R Imekuja na Herufi P: Pesa Ulitoa Mwaka Jana, Kodi Ni ya Mwaka Juzi

Haya wadau, shikamooni wakubwa, na wale rika langu mambo vipi. Niko hapa Houston, msimu wa kodi umewaka, na tangu Januari inbox yangu ina swali lile lile kwa sura tofauti: "Kaka, niliweka pesa nyingi kupita kiasi kwenye Roth, ile akaunti ya akiba ya uzeeni, nikaambiwa nizitoe, nikazitoa. Sasa wameniletea karatasi, hiyo fomu 1099-R, inasema nimepokea dola elfu saba na kitu. Nakatwa kodi tena?"

Hapana. Zile elfu saba hukatwi. Unakatwa kwenye kile kidogo zilichozaa, na hapo ndipo watu wanachanganyikiwa, kwa sababu kile kidogo kinaingia kwenye ritani, yaani fomu ya kodi unayowasilisha serikalini, ya mwaka ambao hata huutegemei. Tulia, tutakwenda taratibu. Na kama kawaida, mimi si mhasibu, naongea nilichosoma na nilichoona watu wakipitia.

Mlioko nyumbani mtasema hii inatuhusu nini. Inawahusu, kwa sababu kati yenu kuna wanaosubiri green card, na kuna wenye ndugu huku anayewaambia "pesa ninayo lakini imefungwa" nanyi mnaguna. Hazungumzi uongo. Tanzania mchango wako wa NSSF unakatwa kabla mshahara haujakufikia, asilimia 20 kwa jumla kati yako na mwajiri, na sijawahi kusikia mtu amepigiwa simu kuambiwa amechangia kupita kiasi. Huku, ukiacha ule mfuko wa kazini, kuna akaunti ya akiba ya uzeeni inaitwa IRA. Unaifungua mwenyewe, unaweka mwenyewe, unachagua mwenyewe uwekeze kwenye nini. Na ukikosea, ni mwenyewe pia.

Serikali imeweka kiwango cha juu. Kwa mwaka 2024 na 2025 ni dola 7,000, na ukiwa umefika miaka 50, dola 8,000. Mwaka huu wa 2026 wamepandisha hadi 7,500. Hiyo ni kwa IRA zako zote kwa pamoja. Kuna watu wana moja kwenye kampuni hii na nyingine kwenye kampuni ile, wanaweka elfu saba kila upande wakidhani wamefanya jambo la akili.

Halafu IRA ya aina ya Roth, ambayo faida yake hulipii kodi ukishazeeka, ina masharti ya kipato. Kwa 2024, mtu ambaye hajaoa au hajaolewa, kipato chake kikivuka dola 146,000 ruhusa inaanza kupungua, kikifika 161,000 haruhusiwi hata senti. Kwa 2025 ni 150,000 hadi 165,000. Na kampuni inayotunza akaunti inajua tu umeweka shilingi ngapi kwake. Mshahara wako haiujui. Kwa hiyo inapokea, inakushukuru, basi.

Nina dada yangu mmoja wa hiari, muuguzi wa mikataba, yule anayekwenda hospitali hii miezi mitatu, ile miezi mitatu. Ameniruhusu nisimulie bila jina. Februari 2024 aliweka 7,000 kwenye Roth yake. Wakati ule hakuna aliyejua mwaka utakwendaje. Ikaja mikataba, ikaja ovataimu, zamu za usiku, sikukuu zote yuko kazini, mwaka ukafungwa na kipato cha 172,000. Hongera kwake, lakini zile 7,000 zikageuka kuwa mchango wa ziada, zote.

Ziada ukiiacha ndani unatozwa asilimia 6 kila mwaka. Kila mwaka, siyo mara moja. Kwa 7,000 hiyo ni dola 420, mwaka unaofuata 420 nyingine, mpaka utakapoiondoa au upate mwaka ambao una nafasi ya kuihesabu kama mchango wa mwaka huo. Inajazwa kwenye fomu 5329. Mtu anaweza kukaa miaka minne hajui, siku anajua, anakuta deni limekaa kitako.

Yeye aliwahi. Machi 2025, kabla hajawasilisha ritani ya 2024, alipiga simu kwenye kampuni yake. Na hapa nawaomba msikilize: hakwenda kwenye app akabonyeza kutoa pesa. Aliomba fomu maalumu ya kuondoa mchango uliozidi, akaandika ni mchango wa mwaka 2024. Ukitoa kwa njia ya kawaida, kampuni inairipoti kama umechota pesa ya uzeeni kabla ya wakati, na kuanza kuibadilisha baadaye ni mzunguko ambao sikutakii.

Ukiondoa ziada ndani ya muda, lazima uondoe na faida yake. Wengi wanadhani ni faida ya zile hisa walizonunua kwa pesa ile. Hapana, wanapiga hesabu ya akaunti nzima. Dada alikuwa na 21,000 kabla, akaongeza 7,000, ikawa 28,000. Siku ya kutoa akaunti ilikuwa na 30,520. Akaunti imekua kwa asilimia 9. Basi asilimia 9 ya 7,000 ni 630. Wakamtolea 7,630. Kama akaunti ingeshuka kwa asilimia 5, angerudishiwa 6,650 na hesabu ya ziada ingehesabika imefungwa vile vile. Hiyo 350 iliyopotea imepotea, huwezi kuidai kwenye kodi, lakini hata kodi ya faida huna.

(Na 7,630 zikitua benki, usimwambie mtu. Nawajua ndugu zangu. Kesho yake kuna bati limeezuliwa na upepo.)

Sasa tufike kwenye karatasi. Ukitoa pesa mwaka 2025, fomu 1099-R inakuja Januari 2026. Juu imeandikwa 2025. Boksi la 1 linasema 7,630. Boksi la 2a, sehemu inayotozwa kodi, linasema 630. Halafu kuna kaboksi kadogo, namba 7, ambako watu hawatazami kabisa, na ndiko kwenye jibu. Kwa dada kuna herufi mbili, J na P. J inasema hii ni Roth na mwenye nayo hajafika umri wa kuichota. P inasema faida hii inatozwa kodi kwenye mwaka uliotangulia mwaka wa fomu. Yaani fomu ni ya 2025, kodi ni ya 2024.

Ukikuta namba 8 badala ya P, wewe umerahisishiwa: uliweka na kutoa ndani ya mwaka mmoja, kila kitu kinakaa kwenye ritani ya mwaka ule ulioandikwa juu.

Kanuni ni kwamba faida inalipiwa kodi kwenye mwaka ulioweka mchango, siyo mwaka uliotoa. Kwa hiyo Aprili 2025, dada alipokuwa anawasilisha ritani ya 2024, ile 630 ilitakiwa iwemo, japo 1099-R ilikuwa bado miezi tisa kuja. Kwenye fomu 1040, ambayo ndiyo ritani yenyewe, mstari wa 4a ungesoma 7,630 na 4b ungesoma 630, pamoja na maelezo mafupi ya kuambatisha: niliweka kiasi hiki tarehe fulani, nikakiondoa na faida yake tarehe fulani, kwa sababu kipato kilivuka. Hesabu yote alikuwa nayo, kampuni ilishamtumia barua yenye namba hizo.

Mtayarishaji wake wa kodi akamwambia, "Karatasi haipo, hatuandiki." Sitaji jina la mtu wala ofisi, ila mnawajua hawa wahasibu wa msimu: Januari kabati la vipodozi linasogezwa, meza inawekwa, bango la kodi linaning'inizwa, Mei vipodozi vinarudi. Wengine ni wazuri kweli, wamesaidia watu wetu wengi wenye mshahara mmoja na watoto wawili. Lakini ukiwa na IRA, nyumba ya kupangisha Kigamboni na mikataba ya majimbo matatu, tafuta mtu anayefanya kazi hii mwaka mzima.

Kwa hiyo mwaka huu dada amekaa chini kujaza fomu 1040-X, ya kurekebisha ritani ya 2024. Anaongeza 630 kwenye kipato. Yuko kwenye daraja la asilimia 24, kodi inayoongezeka ni kama dola 151, na riba kidogo ya kuchelewa. Mia na hamsini! Alikuwa hajalala wiki nzima akidhani anadaiwa kodi ya 7,630 pamoja na adhabu ya asilimia 10.

Hiyo asilimia 10 nayo niiseme. Zamani, ukiwa chini ya miaka 59 na nusu, ile faida uliyoondoa pamoja na ziada ilipigwa asilimia 10 juu ya kodi ya kawaida. Sheria ya SECURE 2.0, iliyosainiwa tarehe 29 Desemba 2022, imeifuta kwa faida ya aina hii. Bado kuna watu wanaitoza kwenye ritani za wateja kwa mazoea. Ukiona 63 imeongezeka juu ya 151, uliza imetoka wapi.

Na kwenye ritani ya 2025, fomu ile unaifanyaje? Usiitupe, nakala yake IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, wanayo. Ingiza kwenye programu unayotumia kama ilivyo, herufi zote mbili. Programu nyingi zikiona P zinaacha kuhesabu ile 630 kwenye mwaka huu na kukukumbusha ukarekebishe mwaka uliotangulia. Ukisahau P ukaandika J peke yake, umejitoza kodi mwaka usio wako, na mwaka wenyewe bado unadaiwa.

Muda. Kwa mchango wa 2025, siku ya kwanza ya kuangalia ni 15 Aprili 2026. Ukishawasilisha ritani yako kwa wakati halafu ndiyo unagundua, una mpaka 15 Oktoba 2026 kuondoa ziada na faida yake bila ile asilimia 6. Ukitumia nafasi hiyo ya Oktoba, ritani ya marekebisho unaandika juu kwamba inawasilishwa kwa mujibu wa kifungu cha 301.9100-2. Baada ya Oktoba mlango umefungwa: unatoa ziada peke yake, faida inabaki ndani, na asilimia 6 ya mwaka huo unailipa.

Hapa Texas hatuna kodi ya mapato ya jimbo, tukimaliza na IRS tumemaliza. Ndugu zangu wa Minnesota na Maryland, ninyi mnarekebisha na ya jimbo pia.

Kwa wenye kipato kinachopanda na kushuka, wauguzi, madereva wa malori, watu wa mikataba, maoni yangu ni haya: msikimbilie kuweka Roth Januari. Mchango wa mwaka 2025 unaruhusiwa kuuweka hadi 15 Aprili 2026, mwaka umeshafungwa, W-2, karatasi ya mshahara wa mwaka kutoka kwa mwajiri, iko mkononi, unajua kipato chako. Watu wa YouTube wa hapa watakwambia weka mapema pesa ikue. Sawa, wao kipato chao wanakijua.

Kuna makundi mawili nimeona kwenye meseji zenu. La kwanza, wenye mwenza nyumbani anayesubiri visa. Ukiwasilisha ritani kama mwanandoa peke yako, na mwaka huo mliishi pamoja hata kidogo, ukomo wa kipato cha Roth unaanzia sifuri na kuishia dola 10,000. Elfu kumi! Yaani karibu kila anayefanya kazi ameshavuka. Kama hamkuishi pamoja kabisa mwaka mzima, unatumia ukomo wa asiye na ndoa. Sasa zile wiki nne za Desemba ulizokuwa Moshi kwenye nyumba yenu zinahesabikaje, hilo kamuulize mtaalamu kabla hujaweka pesa.

La pili, mlioko Dubai, Abu Dhabi na Muscat wenye pasi ya Marekani. Mnatumia fomu 2555 kuondoa mshahara wa nje kwenye kodi, na kwa 2025 mnaruhusiwa hadi dola 130,000. Vizuri. Lakini mshahara ulioondolewa wote hauhesabiki kama kipato cha kuchangia IRA. Mshahara wa 90,000, umeondoa 90,000, umebaki na sifuri, na ukomo wako wa mchango ni sifuri. Kodi ya pango kutoka Mbezi haikusaidii, pango si mshahara. Kama mlishaweka za 2025, bado mna muda wa kuzitoa. Andikeni kwenye maoni mwaka mlioweka, mwaka mliotoa, na herufi mnazoziona boksi la 7. Namba ya Social Security msiiandike, tafadhali, wiki iliyopita nimefuta mbili.