Mtoto wa kisu na mtoto wa kawaida, afya ya baadaye inaanzia wapi

Shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi. Kina baba mliojibanza kule nyuma sogeeni bana, hii mada sio ya kina mama peke yao, nitawahitaji mwishoni.

Najua kilicholeta mada hii. Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu inasema mtoto wa kisu, yaani aliyezaliwa kwa upasuaji, atapata pumu, atanenepa, kinga yake itakuwa mbovu maisha yote, na humu ndani yupo mama mwenye kovu lake ameisikiliza usiku akakosa usingizi. Klipu ile sio uongo mtupu ila imechukua robo ya habari ikaacha robo tatu.

Robo yenyewe ni hii. Mtoto akizaliwa njia ya kawaida anapita akipakwa bakteria wa mama yake, wa ukeni na hasa hasa wa utumbo, samahanini kama kuna mkwe wa mtu hapa, lakini ndo maana mama akisukuma choo kikatoka mkunga wala hashtuki. Wale bakteria ndo wapangaji wa kwanza tumboni kwa mtoto, wanaifundisha kinga yake nani adui na nani chakula tu. Wa kisu anapokea zaidi wale wa ngozi na wa mazingira ya hospitali. Uingereza walipima vinyesi vya watoto karibu 600, matokeo yakatoka 2019, wakakuta kweli watoto wa kisu wengi walikuwa hawana kabisa kundi fulani la bakteria wa mama zao. Sasa klipu haikusema kwamba utafiti huohuo ulionyesha mtoto akifika mwaka mmoja sehemu kubwa ya hiyo tofauti imeshapungua.

Na pumu je? Tafiti nyingi zinaonyesha inaongezeka kwa kama asilimia 20. Inatisha ukiisikia hivyo, ila piga hesabu, kama kwenye watoto 100 wa kawaida pumu wanapata 10, kwa wa kisu watakuwa 12, basi, wale 88 wanacheza mpira. Halafu hata hao wawili usikimbilie kukilaumu kisu, maana mama anachomwa antibayotiki kabla hajapasuliwa na inamfikia mtoto, na pengine alipelekwa thieta kwa sababu ana presha au sukari, vitu ambavyo vyenyewe vinamgusa mtoto.

Mimi kinachonitisha zaidi ni kisu kilichochelewa. Mtoto amekwama, uchungu umepita siku nzima, ndugu bado wanabishana nje oh mwanamke wa ukoo wetu hapasuliwi, mtoto anakosa hewa, anatoka hajalia. Huyo akipona anaweza kuishi na mtindio wa ubongo au kifafa, na mama akabaki na fistula, yaani tundu ukeni linalomfanya avuje mkojo au choo bila kujizuia. Shirika la Afya Duniani linasema Afrika kusini mwa Sahara wanaozaa kwa upasuaji ni kama asilimia 5 tu, Brazil wamevuka nusu. Kwahiyo kwa wengi wetu shida bado ni kukikosa kisu pale kinapohitajika. Ingawa na nyie wa mjini mnaopangiwa operesheni Ijumaa ili daktari apumzike wikiendi, ulizeni sababu. Kama hakuna tatizo lolote basi angalau wiki 39 zitimie, kwasababu uchungu wenyewe ndo unaosaidia maji yakauke kwenye mapafu ya mtoto, anayetolewa mapema bila uchungu anaweza kuhema kwa shida.

Haya, umeshapasuliwa. Kitovu kisikatwe hapohapo kama mtoto yuko salama, dakika moja mpaka tatu damu bado inatoka kwenye kondo inaingia kwake, na ile damu ina madini ya chuma yatakayomfaa miezi mingi mbele, hili linawezekana hata thieta. Halafu ziwa ndani ya saa moja, na ile dang'a ya njano jamani msiikamue mkaimwaga eti chafu, mtoto wa kisu ndo anaihitaji kupita wote, maana maziwa ya mama yana sukari ambayo mtoto hata haimeng'enyi, ni chakula cha bakteria wazuri. Ila ile ya kumpaka mtoto majimaji ya ukeni kwa kitambaa mliyoiona mtandaoni, hapana, msijaribu, utampaka na magonjwa usiyojua unayo.

Sasa kina baba. Mtoto njiti, wa kilo moja na nusu hivi, zamani tulisubiri atulie kwanza ndo awekwe kifuani, ngozi kwa ngozi. Mwaka 2021 yakatoka matokeo ya hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania, njiti waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa vifo vilipungua kwa robo, ikabidi utafiti usimamishwe mapema maana haikuwa haki kuendelea kuwanyima wale wengine. Na mama akiwa bado anashonwa kifua cha ndugu kinafaa pia, kwahiyo baba waulize manesi mapema, mkiwa bado mnahudhuria kliniki, kama wodi yao inaruhusu uingie, na siku hiyo vaa shati la vifungo. Haya, maswali, tuanze na yule bibi aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja ukoo.