Kabla ya Bunge Alikuwa Akifanya Kazi Gani?

Assalamu alaikum, na wote hamjambo. Nawashukuru kwa kuja na jua hili la Malindi la saa tisa, najua wengine mmewaachia watoto duka, kwa hiyo sitapoteza muda wenu.

Nimeombwa nizungumze juu ya wabunge wa Conservative wa Uingereza, wametoka wapi, walikuwa wakifanya kazi gani, na huwaje chama chao kikishindwa wakaenda kukaa upinzani. Hapo nje kijana mmoja kanisimamisha akaniuliza, mama, sisi na hao watu wapi na wapi, shida yetu hapa ni maji na basari. Nikamwambia ingia tu ukae, maanake hadithi yenyewe yapita Hola. Na Hola nyote mwaijua, ukitoka hapa washika barabara ya Garissa, wapita Garsen, waufuata Mto Tana, umefika.

Lakini kwanza hesabu. Tarehe 4 Julai 2024 Waingereza walipiga kura, na chama cha Conservative, ambacho wao wenyewe hukiita Tory, kikabaki na wabunge 121. Uchaguzi wa 2019 kilikuwa kimepata 365. Tangu chama hicho kianze hakijawahi kupata viti vichache namna ile. Na hata hao waliorudi wengine walipona kwa tundu la sindano, Mel Stride kule Devon alishinda kwa kura 61, na Richard Holden kule Basildon alishinda kwa kura 20. Kura ishirini jamani, hao ni watu wa matatu moja na nusu!

Sasa kuna kitu lazima tukielewane, la sivyo mengine hayataingia. Kwetu sisi Katiba ya 2010 yasema waziri asiwe mbunge, rais humchukua mtu kutoka nje, na mbunge akitaka uwaziri lazima aache kiti. Uingereza ni kinyume, mawaziri hutoka humo humo bungeni. Kwa hiyo chama kikishindwa, mtu ambaye jana alikuwa na wizara nzima, makatibu, dereva, mafaili ya siri, watu wa kumwandikia hotuba, leo yuko na chumba kimoja na vijana wawili watatu wa kumsaidia. Wenye bahati huitwa mawaziri kivuli, yaani kila waziri wa serikali ana mtu wa upande wa pili wa kumfuata nyuma kama kivuli na kumuuliza maswali. Kuna pesa kidogo za umma ambazo tangu 1975 hupewa vyama vya upinzani ili viweze kufanya kazi hiyo, lakini ukizipima na nguvu ya wizara si kitu.

Hapo ndo swali langu la leo. Mtu akishavuliwa wizara, abaki na nini? Mimi nimefuatilia mambo haya miaka mingi na nimeona abaki na ile kazi aliyokuja nayo. Macho aliyoyapata kazini kabla ya siasa, ndo hayo hayo atakayoangalia nayo serikali, hana wizara ya kumuazima mengine.

Twende Hola sasa.

Tarehe 3 Machi 1959, kambi ya Hola, wafungwa wa Mau Mau waliokuwa wamekataa kufanya kazi walitolewa nje wakachimbe mifereji ya umwagiliaji. Walipigwa na askari mpaka 11 wakafa. Na serikali ya kikoloni ikatoa taarifa, nataka msikie vizuri, taarifa ikasema watu hao wamekufa baada ya kunywa maji ya mkokoteni. Maji! Jua la Hola mwalijua, mtu akikwambia wafungwa walikunywa maji wakafa waweza kusadiki kama uko London. Lakini miili ilipochunguzwa ilikutwa na majeraha ya kipigo, na uongo ule ukaanza kufumuka mshono mmoja mmoja.

Wakati huo Conservative ndo walikuwa serikalini na Labour upinzani, na wa Labour kama Barbara Castle, ambaye kabla ya bunge alikuwa mwandishi wa habari, walikuwa wameuliza juu ya Kenya miaka na miaka. Hilo twalitarajia. Lakini usiku wa manane mwezi wa Julai 1959 alisimama mbunge wa Conservative mwenyewe, upande wa serikali, jina lake Enoch Powell, akaichambua karatasi ya serikali yake neno kwa neno, mpango wa kuwalazimisha wale watu kazi ulipitia meza ya nani, nani alijua, nani alinyamaza. Akasema huwezi kuwa na kipimo kimoja cha haki kwa Mwingereza na kingine kwa Mwafrika.

Huyu bwana alikuwa nani kabla? Alikuwa profesa wa Kigiriki cha kale, alipewa uprofesa Sydney akiwa na miaka 25. Kazi yake ilikuwa kuchukua andiko la miaka elfu mbili na kutafuta ni wapi mnakili amekosea. Basi ukimpa mtu kama huyo taarifa ya maji ya mkokoteni umekwisha, jicho lake limefundishwa kuona pale penye kiraka.

Ningependa kuishia hapo nimsifu, lakini siwezi, na nyinyi mwajua kwa nini. Conservative wakashindwa uchaguzi wa 1964 wakaenda upinzani, Powell akawa waziri kivuli wa ulinzi. Mwaka wa 1967 na 1968 Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza wakaanza kuondoka kwa wingi kwenda kule, na mwezi wa Machi 1968 serikali ya Labour ikapitisha sheria ya haraka haraka, ya siku chache tu, kuwafungia mlango watu ambao Uingereza yenyewe iliwapa zile pasipoti. Mwezi uliofuata Powell akasimama Birmingham akatoa hotuba ya kuwatia Waingereza hofu juu ya wahamiaji, hotuba mbaya ambayo mpaka leo watu huikumbuka kwa uchungu, na kiongozi wake Edward Heath akamfukuza kwenye baraza kivuli siku iliyofuata. Ni mtu yule yule wa Hola, kwa hiyo elimu ilimpa jicho lakini haikumpa moyo wa kumuona jirani, na mimi jambo hilo hunisumbua kila nikilifikiria.

Sasa muweke kando yake mwenzake, Iain Macleod. Hawa wawili waliingia bungeni uchaguzi mmoja wa 1950 na kabla ya hapo walifanya kazi pamoja ofisi ya utafiti ya chama. Macleod kabla ya siasa alijulikana kwa karata, mchezo ule wa briji, alicheza kwa pesa mpaka ukawa ndo riziki yake. Baada ya mambo ya Hola ndiye aliyewekwa kuwa waziri wa makoloni Oktoba 1959, na Januari 1960 akaitisha mkutano wa Lancaster House kule London, wa kujadili katiba ya Kenya, kwa hiyo uhuru wetu umepita mkononi mwake. Ilipokuja ile sheria ya 1968 yeye yuko upinzani, waziri kivuli wa fedha, wakubwa wa chama chake hawakuipinga, yeye akapiga kura ya kuikataa. Alisema watu hawa tuliwaahidi. Mcheza karata akishaweka karata mezani hairudishi mkononi, na mimi naamini kwa dhati ndo alivyoliona lile jambo.

Na ona dunia inavyozunguka. Rishi Sunak, aliyekuwa waziri mkuu na akashindwa 2024, babake alizaliwa Kenya, mamake Tanganyika, baba akawa daktari na mama akawa na duka la dawa Southampton, mtoto akaenda Oxford, akaenda benki ya Goldman Sachs, akaingia bunge 2015. Alikuwa kiongozi wa upinzani miezi minne tu, Julai mpaka Novemba. Suella Braverman, aliyechaguliwa 2024 kwa tikiti hiyo hiyo ya Conservative, babake ni Mgoa wa Nairobi, yeye mwenyewe wakili. Priti Patel wazazi wake walitoka Uganda. Yaani familia za Afrika Mashariki kama zile ambazo 1968 zilifungiwa mlango, watoto wao ndo walikuja kukalia viti vya mbele vya chama alichokuwa nacho Powell. Na baadhi yao wakawa wakali kwa wahamiaji kushinda hata wenyeji, jambo hilo nalisema kwa masikitiko, si kwa chuki.

Baada ya Sunak akaja Kemi Badenoch, alishinda uongozi tarehe 2 Novemba 2024, mtu mweusi wa kwanza kuongoza chama kikubwa kule. Alizaliwa London, akalelewa Lagos, babake daktari, mamake profesa, akarudi Uingereza na miaka 16 akifanya kazi McDonald's huku akisoma. Halafu akasomea uhandisi wa kompyuta, akawa mwandishi wa programu, baadaye akasoma sheria. Kila Jumatano saa sita mchana yeye ana maswali sita ya kumuuliza waziri mkuu, sita tu, na mtu wa kompyuta ajua kwamba programu ikikwama huanzi kulaumu kila kitu, watafuta mstari mmoja wenye kosa. Kwa maoni yangu siku anazofanya vizuri ni zile anazobana swali moja mpaka jibu litoke, na siku anazozunguka huku na huku hapati kitu.

Wako na madaktari, Caroline Johnson ni daktari bingwa wa watoto, Luke Evans ni daktari wa kawaida, na swali la daktari juu ya hospitali si kama la mtu aliyesoma gazeti asubuhi. Geoffrey Clifton-Brown yeye ni sorovea, yaani mpima ardhi na majengo, na bunge lilimchagua 2024 kuongoza kamati ya hesabu za umma, ambayo kwa desturi yao hupewa mtu wa upinzani ili wenye mfuko wasijikague wenyewe. Na yuko mzee mmoja nampenda hadithi yake, Roger Gale, yuko bungeni tangu 1983. Ujana wake alikuwa mtangazaji wa redio za melini. Zamani kule BBC ndo ilikuwa na redio peke yake, basi mwaka 1964 watu wakapakia mitambo kwenye meli, wakatia nanga nje ya mipaka ya bahari ya nchi, wakawa wapiga muziki kutoka huko. Hebu wazia meli imetia nanga nje ya mwamba hapo, yayumba na kusi, na ndani yuko kijana na sahani za santuri zisizotakiwa kuruka.

Lakini nisiwapake mafuta. Karibu nusu ya wabunge wa Conservative wa 2024 wamesoma shule za kulipia, na raia wa kawaida waliosoma shule hizo ni kama asilimia 7 tu. Mtu ambaye hajawahi kupanga foleni, foleni haitamjia kichwani bungeni.

Niwape moja langu. Niliishi kule miaka kadhaa nikiwatunza wazee. Mwaka 2006 ofisi moja ya serikali iliniandikia kwamba nimechelewa kujibu barua yao na kwa hiyo kibali changu kimekwisha. Mbunge wa pale alikuwa wa Conservative, upinzani wakati huo, na kila Jumamosi alikaa chumba nyuma ya maktaba kuonana na watu. Nilikwenda nikitetemeka, maanake najua chama chake hakitaki watu kama mimi wawe wengi. Alikuwa wakili zamani. Akasoma barua mara mbili, penseli mkononi, hakusema neno, halafu akaniuliza, bahasha yake unayo? Wallahi nilikuwa nayo, nilikuwa nimeitia kwenye mkoba na risiti za duka. Akaielekeza dirishani kwenye mwanga, akaangalia muhuri wa posta. Barua ilitumwa siku mbili baada ya ile tarehe waliyoniambia nilitakiwa niwe nimejibu. Akaizungushia ule muhuri duara la penseli, akapiga kopi, akaandika barua fupi ya aya moja. Hakuwa na wizara, hakuwa na cheo, na baada ya wiki tano kibali kikaja. Kura yangu asingeipata hata kama ningekuwa nayo, lakini lile duara la penseli sijalisahau.

Kwa hiyo 2027 inakuja, na hapa Malindi watatujia wengi, na wako watakaoshinda halafu wajikute upande mdogo, kule Nairobi au kwenye bunge la kaunti. Muulizeni mgombea mapema, kabla ya hii ulikuwa ukifanya kazi gani? Kama alikuwa mvuvi, aulizwe juu ya leseni na bandari ndogo hizi. Kama alikuwa mwalimu, mpeni ripoti ya mkaguzi mkuu wa hesabu aisome pale pale mbele yenu awaonyeshe palipo na shimo. Kama alikuwa na duka, ajua bei ya saruji, basi atuambie ukuta wa ile zahanati umegharimu kweli hizo pesa au la. Anayejibu kwamba kazi yake imekuwa siasa tu tangu ujana, muulizeni tena.

Yale mazungumzo ya bunge ya usiku ule wa Hola yako kwenye intaneti, yote, yamechapwa kama yalivyosemwa. Nimepiga kopi ishirini, ziko kwenye meza pale mlangoni kando ya birika la chai. Ni Kiingereza kigumu kidogo, lakini wenye wazee wa Hola na Garsen nyumbani nawaomba mchukue nyinyi kwanza, mkawasomee.