Kusaka chembe mpya ndani ya kalsiamu

Haya jamani tuendelee. Ukitaja kusaka chembe mpya watu wanawaza CERN tu, wenye ule mtambo wa kugonganisha chembe wa kilomita 27 chini ya ardhi pale Geneva, na ni kweli una kazi yake, ila chembe nyepesi isiyogusana sana na vitu vingine inaweza ikapita pale bila kuacha alama yoyote. Ndo maana mimi nawakubali sana hawa watu wa atomi, wananasa ioni (atomi yenye chaji ya umeme) moja au mbili, wanazipoza kwa leza, halafu wanapima masafa, yaani mitikisiko kwa sekunde, ya mwanga unaopandisha elektroni ngazi ya nishati.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri, maana utamu wote uko hapa. Kalsiamu ina protoni 20 siku zote, lakini nyutroni zinatofautiana, kuna yenye 20, 22, 24, 26 mpaka 28, na hizo aina ndo zinaitwa isotopu. Nyutroni zikiongezeka uzito na ukubwa wa kiini vinabadilika, kwa hiyo masafa nayo yanasogea kidogo. Mwaka 1963 W. H. King alionesha kwamba ukichukua mipito miwili ya elektroni (yaani namna mbili za kupanda ngazi), ukarekebisha hesabu kwa tofauti za uzito, ukachora misogeo ya mmoja dhidi ya mwingine, nukta zinakaa kwenye mstari ulionyooka. Kukiwa na chembe tusiyoijua inayobeba kani kati ya elektroni na nyutroni, mstari utapinda. Basi, unatafuta kupinda.

Mwaka 2020 chuo cha MIT cha Marekani walipima elementi nyingine, iterbiamu, mstari ukapinda, Chuo Kikuu cha Aarhus kule Denmark wakapima kalsiamu, ukanyooka. Halafu 2025 PTB, taasisi ya vipimo ya Ujerumani, na chuo cha ETH Zürich cha Uswisi wakarudi kwenye kalsiamu kwa usahihi wa chini ya hezi moja (mtikisiko mmoja kwa sekunde), kwenye mwanga unaotikisika zaidi ya mara trilioni 400 kwa sekunde! Zürich waliweka isotopu mbili kwenye mtego mmoja ili usumbufu wowote uzipate zote sawasawa. Na safari hii kalsiamu nayo ikapinda.

Ila tusikimbilie kusema chembe imepatikana, kwa sababu kiini chenyewe kinavutwavutwa na elektroni, na hilo nalo linapinda mstari, na kulikokotoa ni kazi ngumu kwelikweli. Wameishia kuweka kikomo cha ukubwa ambao hiyo kani inaweza kuwa nao, ambayo mimi naona ni hatua kubwa. Kinachotakiwa sasa ni mpito mwingine upimwe kwa usahihi uleule, hapo mchango wa kiini utaweza kutolewa kwenye hesabu, tuone kitakachobaki.