Supu ya Zhang Zhongjing: Chakula kama Tiba katika China ya Kale

Ndugu Mwenyekiti, mabibi na mabwana,

Katika tiba ya jadi ya China, chakula hakikuwa kisaidizi cha dawa tu. Mara nyingi ndicho kilichotangulizwa. Sun Simiao, tabibu wa enzi ya Tang aliyefariki mwaka 682, alitenga sehemu nzima ya kitabu chake kikuu kwa ajili ya kutibu kwa chakula, na humo akaelekeza kwamba tabibu achunguze kwanza chanzo cha ugonjwa, kisha atibu kwa chakula, na chakula kikishindwa ndipo aguse dawa. Aliziona dawa kuwa kali, akazifananisha na askari wanaohitaji amri ya uangalifu.

Mfano ulio wazi zaidi, kwa maoni yangu, ni wa kale kuliko yeye. Zhang Zhongjing, tabibu aliyeishi mwishoni mwa enzi ya Han, alimwandikia mwanamke aliyetoka kujifungua na anayesumbuliwa na maumivu ya tumbo supu ya liang 3 (liang ni kipimo cha uzito) za mzizi wa danggui, liang 5 za tangawizi mbichi na jin 1, yaani liang 16, ya nyama ya kondoo. Vyote huchemshwa katika sheng 8 za maji (sheng ni kipimo cha ujazo) hadi zibaki 3, na mgonjwa hunywa mara 3 kwa siku. Baridi ikizidi, tangawizi huongezwa hadi ifikie jin 1. Maumivu yakiambatana na kutapika, huongezwa ganda la chungwa na mzizi wa baizhu. Sufuria ni ya jikoni, lakini vipimo ni vya tabibu.

Baridi inayotajwa hapo haipimwi kwa kipimajoto. Kila chakula huhesabiwa kuwa na asili yake: tikiti maji ni la baridi hata likishinda juani, ilhali kondoo na tangawizi ni vya joto, na ugonjwa hutibiwa kwa kinyume chake.

Sun Simiao huyohuyo aliagiza maini kwa wasioona vizuri gizani, na tezi ya shingo ya kondoo kwa wenye rovu. Leo tunajua kwamba maini yana vitamini A kwa wingi, na kwamba tezi hiyo hubeba madini joto, yaani iodini. Sidhani kwamba hilo linathibitisha nadharia ya joto na baridi. Linathibitisha kwamba matabibu hao waliwatazama wagonjwa wao kwa makini, na hilo si jambo dogo.

Uangalifu huohuo unatudai sisi pia. Danggui, inayouzwa leo kama kiungo cha supu, inaweza kuzidisha nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na kusababisha damu kuvuja, kwa hiyo anayetumia warfarini amweleze daktari wake kilichomo sufuriani kabla hajainywa supu yenyewe.