Amplifaya ya valvu inakwaruza mapema? Jua kwanza inakwaruzia wapi

Karibuni. Hii hapa ni Fender Deluxe Reverb, amplifaya ya gitaa ya wati 22 inayokuza sauti kwa valvu, yaani mirija ya kioo, na leo tunaisaka sauti safi mpaka pale inapogoma. Usinunue chochote kwanza. Tusikilize inakwaruzia wapi.

Chomeka gitaa jeki namba 1 ya chaneli ya vibrato. Volyumu ya gitaa fungulia yote, ya amplifaya iwe 2. Piga kodi nzima ya E kwa nguvu, usizibembeleze nyuzi. Panda taratibu: 3, 4... Sikia hapo! Noti moja moja bado ni safi, lakini kodi imeanza kuchanika. Nyuzi sita zikijumlishana, vilele vya wimbi vinazidi uwezo wa valvu, vinakatwa. Bandika utepe kwenye alama hiyo.

Sasa shusha besi hadi 3. Usiiruke hatua hii, noti nzito ndizo zinazokula nguvu nyingi. Panda tena. Utepe tumeupita, na hatujatoa hata senti.

Ikiwa inakwaruza hata sauti ikiwa ndogo, tatizo liko mwanzoni. Hamia jeki namba 2, inapunguza mawimbi ya gitaa karibu nusu. Au badilisha valvu: zima, chomoa waya ukutani, subiri ipoe. Ukitazama kwa nyuma, ya pili kutoka kulia ndiyo ya chaneli hii. Toa kifuniko cha bati, vuta valvu iliyomo, aina ya 12AX7, ikiwa imenyooka, weka ya aina ya 5751. Ukuzaji unashuka kutoka 100 hadi 70. Pini tisa ziingie bila kulazimishwa. Chesisi, kisanduku cha bati chenye saketi, usiifungue kabisa: kapasita, vipuri vinavyohifadhi umeme, huweza kubaki na volti zaidi ya 400 hata baada ya kuzima, na hizo zinaua.

Lakini ikikwaruza sauti ikiwa imeshapaa, zilizofika mwisho ni zile valvu mbili za 6V6 za kutolea nguvu. Hapo 5751 haikuongezei kitu, utazungusha tu nobu mbali zaidi. Tafuta spika yenye ufanisi mkubwa, yaani inayotoa sauti kubwa zaidi kwa wati zilezile, ukinzani ukiwa omu 8 zilezile: kutoka desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 97 hadi 100 ni sawa na kuzidisha wati mara mbili. Amplifaya kubwa zaidi ya Fender, Twin Reverb ya wati 85, inakupa takriban desibeli 6 tu za ziada, na ni nzito kubeba. Kwa solo za rumba na dansi, ambapo kila noti lazima isikike yenyewe, mimi ningeanza na spika.

Kabla ya kuwasha, hakikisha waya wa spika umerudi mahali pake. Bila spika, transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua.